MAKUSUDIO YA WAASISI NA MAHAKAMA YA KADHI
Habari za Katiba ya Kenya ya 1963, na mafunzo yake kwa Waislamu wa Uganda

Katiba ya nchi huandikwa na watu wachache kwa muda mchache, kisha husomwa na watu wengi kwa miaka mingi. Walioiandika wakiisha kufariki dunia, wasomao hubakiwa na maneno peke yake. Hapo ndipo huzuka swali ambalo limewashughulisha mahakimu na wanasheria katika mataifa mengi: waasisi waliposema hivi, walikusudia nini? Na je, watu wa leo wanafungwa na makusudio hayo, au wanafungwa na maneno tu?

Kwa Waislamu wa Afrika Mashariki swali hili si la wanavyuoni peke yao. Ndoa, talaka na mirathi ya nyumba nyingi vimetegemea jinsi maneno machache ya katiba yalivyofasiriwa. Mfano ulio wazi kuliko mingine ni ule wa mahakama ya kadhi katika nchi jirani ya Kenya, na yafaa habari zake zisimuliwe tangu mwanzo, kwa kuwa aliyeanza kisa katikati hawezi kujua nani alimwahidi nani, wala aliahidi nini.

ASILI YA AHADI

Kabla ya Waingereza kutawala, mwambao wa Kenya ulikuwa katika milki ya Sultani wa Zanzibar. Liwali alikuwa mkuu wa mji, mudiri alikuwa chini yake, na kadhi alihukumu kwa sheria za Kiislamu. Mwaka 1895 utawala wa pwani ulitoka katika mikono ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ukaingia katika mikono ya Serikali ya Kiingereza yenyewe. Katika mwaka huo huo Sir Arthur Hardinge aliwahakikishia watu wa Mombasa kwamba dini ya Kiislamu itaheshimiwa katika nchi za Sultani, na kwamba kesi za wenyeji zitaendelea kuamuliwa kwa sheria. Tarehe 14 Desemba 1895 mkataba ulitiwa sahihi baina ya Serikali hiyo na Sultani Hamad bin Thuwaini. Kwa mkataba huo Waingereza walipewa kutawala ukanda wa maili kumi kutoka baharini, na Sultani akalipwa fedha kila mwaka. Lakini nchi yenyewe haikuuzwa. Ilibaki kuwa ya Sultani, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa.

Mwaka 1897 ilitolewa kanuni ya mahakama za wenyeji, na ndani yake mahakama za maliwali, mamudiri na makadhi zilitambuliwa kuwa sehemu ya mpango wa Serikali. Kwa hiyo kadhi hakuwa mtu wa msikitini tu. Alikuwa hakimu mwenye cheo, mwenye mshahara, ambaye hukumu yake ilishikwa na dola. Miongoni mwa walioshika cheo cha Kadhi Mkuu ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye alikishika tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, na ambaye jina lake linajulikana kila mahali Waislamu wasomapo Kiswahili.

Mwaka 1920 bara iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya, lakini mwambao haukuweza kugeuzwa hivyo, maana haukuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Ukaitwa Himaya ya Kenya. Tofauti hii ya jina, ambayo watu wengi waliiona kuwa ndogo, ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha mambo yote yaliyofuata.

MWAMBAO WAKATI WA KUDAI UHURU

Uhuru ulipokaribia, swali liliulizwa: ukanda huu utakwenda wapi? Wako waliotaka mwambao uwe nchi peke yake, na wako waliotaka urudi kwa Sultani. Harakati zao ziliitwa za Mwambao, na miongoni mwa wasemaji wao alikuwa Sheikh Abdilahi Nassir wa Mombasa. Lakini wakazi wengi wa ukanda huo hawakuwa Waarabu wala raia wa Sultani kwa moyo, na wengi wao walipendelea kuungana na Kenya. Walichelea kwamba wakitengwa na bara watarudishwa chini ya utawala ambao mababu zao hawakuupenda. Ndani ya jamii ya Waislamu wenyewe palikuwa na rai mbalimbali, na si insafu kusema kwamba Waislamu wote walikuwa upande mmoja.

Mwaka 1961 Sir James Robertson aliteuliwa kulichungua jambo hilo, naye akatoa taarifa yake mwishoni mwa mwaka huo. Rai yake ilikuwa kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, lakini Waislamu wapewe dhamana juu ya dini yao na mahakama zao za kadhi. Hapa yapasa ifahamike kwamba dhamana hizo hazikuwa ihsani iliyotolewa bure. Zilikuwa sehemu ya makubaliano. Upande mmoja uliacha dai la nchi, na upande wa pili ukatoa ahadi.

BARUA ZA OKTOBA 1963

Makubaliano hayo yalitimizwa London katika mwezi wa Oktoba 1963. Tarehe 5 Oktoba, Bwana Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipelekeana barua. Tarehe 8 Oktoba mkataba ukatiwa sahihi, ya kwamba Kenya itakapopata uhuru, ukanda wa mwambao utaacha kuwa katika milki ya Sultani Jamshid bin Abdullah na utakuwa sehemu ya Kenya.

Barua zile zilikuwa na ahadi tano. Ya kwanza ni uhuru wa dini, na hasa kwamba raia wa Sultani waliokuwa Waislamu, pamoja na wazao wao, watahakikishiwa wakati wote uhuru wa ibada na kuhifadhiwa kwa majengo na taasisi za dini yao. Ya pili ni kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa wakati wote, katika mambo ya sheria ya Kiislamu yahusuyo hali ya mtu binafsi, kama ndoa, talaka na mirathi, ikiwa wote walio katika kesi ni Waislamu. Ya tatu ni kwamba katika sehemu zenye Waislamu wengi, maofisa wa utawala wawe Waislamu kwa kadiri iwezekanavyo. Ya nne ni kwamba watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, nayo pia kwa kadiri iwezekanavyo. Ya tano ni kwamba hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa pwani zitambuliwe wakati wote.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba ahadi hizi hazikuandikwa kwa nguvu sawa. Katika mambo ya dini, ya kadhi na ya ardhi, maneno yaliyotumiwa ni “wakati wote”. Katika mambo ya maofisa na ya Kiarabu, maneno yaliyotumiwa ni “kwa kadiri iwezekanavyo”. Aliyeahidi wakati wote amejifunga. Aliyeahidi kwa kadiri iwezekanavyo amejiachia mlango wa kutokea. Kwa hakika, hata asiyejua lolote juu ya nia zilizokuwa vifuani mwa watu wale anaweza kuzipima nia zao kwa maneno waliyoyachagua.

MANENO YA KATIBA

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na ndani ya Katiba yake ya kwanza ahadi ya kadhi iliingizwa. Baadaye, Katiba ilipochapishwa upya mwaka 1969 pamoja na mabadiliko yake, maneno hayo yakawa kifungu cha 66. Kifungu hicho kilisema kwamba patakuwa na Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu, kwamba kadhi sharti awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu, na kwamba mahakama yake itaamua mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Zaidi ya hayo kilisema kwamba Bunge laweza kuweka mahakama za makadhi, na kwamba makadhi hao wawe na mamlaka ndani ya iliyokuwa Himaya, bila ya kuachwa sehemu yoyote ya Himaya hiyo nje ya mamlaka ya kadhi.

Mwaka 1967 Bunge lilitunga Sheria ya Mahakama za Makadhi. Sheria hiyo haikuishia katika ukanda wa maili kumi, bali iliwafikishia makadhi Waislamu wa bara pia. Wakati huo Kadhi Mkuu alikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na baada yake, mwaka 1968, akafuatia Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili, ambaye alitoka Zanzibar.

Hapa ndipo palipozaliwa mgogoro. Maneno “iliyokuwa Himaya” yaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza ni mpaka: kadhi ana mamlaka ndani ya ukanda, na nje yake hana. Kwa njia ya pili ni dhamana ya chini kabisa: Bunge lina hiari ya kuweka makadhi popote, lakini lisithubutu kuuacha mwambao bila kadhi. Maneno ni yale yale. Linalotofautiana ni makusudio ambayo msomaji anadhani waandishi walikuwa nayo.

WAASISI WALIPOIBADILI KATIBA YAO

Kabla ya kufika kwenye mgogoro huo, liko jambo moja ambalo wanaotaja makusudio ya waasisi wa Kenya hulisahau. Katiba ya 1963 haikudumu kama ilivyoandikwa. Ilikuwa na serikali za majimbo na mabunge mawili, na mambo hayo yalibishaniwa London kwa muda mrefu kuliko habari ya kadhi. Walakini tarehe 12 Desemba 1964 nchi ikawa jamhuri, majimbo yakavunjwa nguvu, na mwaka 1966 Baraza la Seneti likaondolewa. Waliobadili hayo wengi wao ndio wale wale waliokuwa London.

Pwani nako vyeo vya liwali na mudiri, ambavyo vilikuwapo tangu zama za Masultani, viliondolewa baada ya uhuru. Katika watu watatu wa utawala wa zamani, liwali, mudiri na kadhi, ni kadhi peke yake aliyesalia. Na hakusalia kwa sababu alikuwa na askari au mali. Alisalia kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa katika Katiba, na kwa sababu kila Katiba ilipobadilishwa, kifungu chake kiliachwa. Kuachwa huko mara kwa mara ni ushahidi wa namna yake. Mtu akivunja kuta nyingi za nyumba yake na akauacha ukuta mmoja, yafaa kudhaniwa kwamba ameuacha kwa kukusudia.

SHAURI LILILOAMULIWA MWAKA 2010

Kenya ilipoanza kuandika katiba mpya, tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilikusanya maoni ya wananchi, na habari ya kadhi ikawa miongoni mwa mambo yaliyozusha maneno mengi. Waislamu walitaka mahakama hizo zihifadhiwe na kuongezwa nguvu. Baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka ziondolewe katika Katiba kabisa. Mwaka 2004 baadhi yao wakapeleka shauri katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Mwaka 2005 rasimu moja ilijaribu kuwapatanisha watu kwa kutaja mahakama za dini mbalimbali, za Kikristo na za Kihindu pamoja na za makadhi. Rasimu hiyo ilikataliwa na wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, kwa sababu nyingi zilizopita jambo hili.

Shauri la makanisa halikuamuliwa mpaka tarehe 24 Mei 2010, wakati rasimu nyingine ilipokuwa tayari mikononi mwa wananchi. Majaji watatu walitoa hukumu kwamba kuweka mahakama ya dini moja ndani ya Katiba, na kuiendesha kwa fedha za watu wote, kunapingana na usawa wa raia na kutenga dini na dola. Wakasema pia kwamba kuwafikisha makadhi nje ya ukanda wa maili kumi kulivuka mpaka wa Katiba. Lakini hawakukifuta kifungu cha 66. Walisema kazi ya kukiondoa si ya mahakama, bali ni ya Bunge na wananchi.

Hukumu hiyo iliwahuzunisha Waislamu wengi, na wengine wakadhani imetolewa kwa uadui. Lakini adili yataka hoja za kila upande zipimwe, kwa kuwa hoja isiyopimwa haiwezi kujibiwa.

KUPIMA HOJA

Hoja ya kwanza ya waliopinga ni kwamba ahadi ya kadhi ilitolewa kwa Sultani, na Sultani hayuko tena. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya, na dola yake ikaondoka. Wakauliza: mkataba ambao upande wake mmoja umetoweka, unamfunga nani?

Jibu la hoja hii limo ndani ya barua zenyewe. Ahadi ya kwanza haikumtaja Sultani kuwa ndiye mwenye haki. Iliwataja raia wake Waislamu na wazao wao. Sultani alikuwa mwenye kupokea ahadi kwa niaba ya watu, si mwenye kunufaika nayo. Wakili akifa, haki ya aliyemwakilisha haifi pamoja naye. Na katika dini ya Kiislamu, kutimiza mikataba ni amri iliyokuja mwanzoni mwa Sura ya Al-Maida, nayo haikufunga wajibu huo kwa kuwa mwenye kuahidiwa awe mwenye nguvu. Hoja ya kufa kwa dola ya Zanzibar, basi, ni dhaifu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wapinzani walisema kwamba ikiwa Waislamu wanategemea makusudio ya waasisi, basi nawachukue makusudio hayo kama yalivyo. Waasisi walikusudia kuwatuliza watu wa mwambao ili nchi isigawanyike. Hawakukusudia kumwekea kadhi Mwislamu wa Kisumu au wa Garissa, ambaye hakuwahi kuwa raia wa Sultani.

Hapa Waislamu hawana budi kukiri kwamba hoja ina nguvu. Barua za 1963 ziliandikwa kwa ajili ya mwambao. Anayesema kwamba Kenyatta na Shamte, walipokuwa London, walikuwa wakifikiri habari za Waislamu wa bara, anadai jambo ambalo hati hazilisemi. Lakini wanavyuoni wa usuli wanayo kanuni mashuhuri, kwamba linalozingatiwa ni ujumla wa lafudhi, wala si umahususi wa sababu. Sheria yaweza kushuka kwa sababu ya mtu mmoja au tukio moja, kisha hukumu yake ikawaenea wote walio katika hali ile. Swali likawa: je, lafudhi ya Katiba ilikuwa ya jumla? Kwa upande mmoja ilikuwa, kwa kuwa Bunge lilipewa uwezo wa kuweka mahakama za makadhi. Kwa upande mwingine haikuwa, kwa kuwa makadhi walitajwa pamoja na Himaya.

Ushahidi wa tatu ni matendo. Sheria ya 1967 iliyowafikisha makadhi bara ilitungwa miaka minne tu baada ya uhuru, na Rais wa nchi wakati huo alikuwa Kenyatta mwenyewe, yule aliyetia sahihi barua ya Oktoba. Kama aliona kwamba makadhi wasivuke ukanda, huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Hakusema. Wanasheria wa mataifa mengi hukubali kwamba jinsi sheria inavyotumiwa na wale walioitunga, mara tu baada ya kuitunga, ni dalili njema ya muradi wao. Hata hivyo dalili si hukumu. Jaji anayeshikilia kwamba sheria ya Bunge haiwezi kuivuka Katiba hata ikipitishwa na waasisi wenyewe, naye ana msingi wa kusimamia.

Jambo la nne ndilo lililo gumu kuliko yote. Waasisi walikuwa nani? Katiba ya 1963 ilikuwa na mikono mingi: Waingereza waliotaka kuondoka kwa amani, viongozi wa KANU waliotaka serikali moja yenye nguvu, viongozi wa KADU waliotaka majimbo, wajumbe wa pwani waliotaka dhamana, na Serikali ya Zanzibar iliyotaka heshima ya Sultani ilindwe. Watu wa namna hii hukubaliana juu ya maneno kabla ya kukubaliana juu ya makusudio. Pengine hukubaliana juu ya maneno kwa sababu kila mmoja ameyafahamu kwa njia yake. Kuyatafuta makusudio mamoja katika vifua vya watu kumi waliokuwa wakishindana ni kutafuta kitu ambacho huenda hakikuwapo.

KURA YA MWAKA 2010

Mgogoro huo haukumalizwa na majaji wala na wanahistoria. Ulimalizwa na wananchi. Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na Nzamba Kitonga iliiacha mahakama ya kadhi ndani ya rasimu, na tarehe 4 Agosti 2010 wananchi walipiga kura. Takriban theluthi mbili walikubali, ingawa viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza wafuasi wao wakatae. Katiba mpya ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Katika nchi ambayo Waislamu ni wachache, ushindi huo haukuweza kupatikana kwa kura za Waislamu peke yao. Mamilioni ya Wakristo waliikubali Katiba hiyo pamoja na kadhi aliyekuwa ndani yake, na haki hiyo isisahauliwe.

Kifungu cha 170 cha Katiba hiyo kinasema kwamba patakuwa na Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu. Neno “Himaya” halimo. Mabishano ya ukanda wa maili kumi yalikwisha siku hiyo. Lakini liliongezwa sharti ambalo halikuwamo zamani: wenye kesi, pamoja na kuwa Waislamu wote, wawe wamekubali mamlaka ya mahakama ya kadhi. Kifungu cha 24 kikaongeza kwamba masharti ya usawa yatalegezwa kwa kiasi kinacholazimu tu, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya makadhi katika mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Na kifungu cha 8 kinasema kwamba nchi haina dini ya dola. Haya yote yanakaa katika kitabu kimoja, na mahakimu wanatakiwa wayasome pamoja.

Yafaa pia kutajwa kifungu cha 259, kinachoamrisha Katiba ifasiriwe kwa namna ya kuendeleza makusudio na maadili yake, na sheria ichukuliwe kuwa inasema wakati wote. Kwa hiyo Wakenya wa 2010 walijichagulia njia. Hawakumwambia jaji arudi London mwaka 1963 akaulize watu walikusudia nini. Walimwambia aangalie lengo la Katiba kwa ajili ya watu wanaoishi chini yake.

MAFUNZO KWA WAISLAMU WA UGANDA

Uganda haikuwa na ukanda wa Sultani, wala haikuwa na barua za Oktoba. Sheria ya ndoa na talaka za Waislamu iliwekwa na Waingereza mwaka 1906, lakini mahakama ya kadhi yenye cheo cha dola haikuwekwa kama ya Mombasa. Katiba ya Uganda iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba 1995 ndiyo iliyoitaja. Kifungu cha 129 kinataja mahakama za chini ambazo Bunge laweza kuziweka kwa sheria, zikiwamo mahakama za makadhi kwa ajili ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Ni sadfa ya tarehe tu kwamba siku hiyo ilitimia miaka 32 kamili tangu mkataba wa mwambao wa Kenya kutiwa sahihi.

Tofauti ya lafudhi baina ya Katiba hizi mbili ni kubwa. Katiba ya Kenya husema kwamba kadhi atakuwapo. Katiba ya Uganda huacha jambo mikononi mwa Bunge. Miaka mingi ilipita baada ya 1995 bila ya Bunge kutunga sheria hiyo, na katika miaka hiyo mjane au yatima aliyedhulumiwa mirathi hakuwa na kadhi wa dola wa kumwendea. Wako wanaosema kwamba kutaja makadhi kwa jina ni amri kwa Bunge, maana waasisi hawataji kitu ili kisifanywe. Wako wanaosema kwamba “laweza” maana yake ni hiari. Mabishano haya ni ndugu wa yale ya Kenya, na watakaoyapima watafanya vyema kuchukua mambo matatu katika kisa kilichosimuliwa hapa.

La kwanza ni kwamba ahadi iliyoandikwa kwa maneno ya wazi hudumu kuliko ahadi iliyotegemea wema wa watu. Ahadi ya kadhi iliingia katika Katiba ya Kenya ikadumu. Ile ya maofisa Waislamu ilibaki katika barua.

La pili ni kwamba anayedai kwa makusudio ya waasisi lazima awe na hati. Waislamu wa Kenya waliweza kusimama kwa sababu barua za 1963 zilihifadhiwa. Majadiliano ya Baraza la Katiba la Uganda la miaka ya 1994 na 1995 yameandikwa, na wasomi wa Kiislamu wana wajibu wa kuyasoma, kuyanukuu kwa uaminifu, na kuwahoji wajumbe wake walio hai kabla hawajafikwa na mauti.

La tatu ni kwamba mwenye kushika makusudio ya zamani peke yake huweza kufungwa nayo. Waislamu wa bara ya Kenya, lau wangalitegemea nia za 1963 tu, wangaliambiwa kwamba nia hizo ziliishia maili kumi kutoka baharini. Haki yao iliimarishwa pale wananchi wa 2010, Waislamu na wasio Waislamu, walipoikubali kwa kura zao. Kwa hiyo pamoja na kuhifadhi hati, jamii inatakiwa kuwaeleza majirani zake wasio Waislamu, kwa upole na kwa ukweli, kwamba kadhi huhukumu Waislamu kwa Waislamu katika mambo ya nyumba zao, na hamlazimishi mtu wa dini nyingine kwa lolote.

Waliokaa London mwaka 1963 wengi wamekwisha kufariki, na kila mmoja amekwenda na nia yake kwa Mola wake, ambaye ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Walio hai wameachiwa maneno na wajibu wa kuyasoma kwa uadilifu. Mwenyezi Mungu awajaalie kuyasoma hivyo, na awape wajane na mayatima wa Kiislamu wa nchi zote hizi mahakimu waadilifu. Amin.